Mtoto Anaomba Chuo Kigumu na Wewe Uko Ughaibuni: Hesabu ya Pesa na Hesabu ya Moyo

Somo la leo limetoka kwa dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Alinitumia voisi ya dakika sita usiku, anaongea kwa sauti ya chini ili watoto wa bosi wasiamke. Ameniruhusu nilieleze jambo lake bila kutaja jina, kwa sababu anaamini hayuko peke yake.

Kijana wake amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCM, divisheni wani. Amepata nafasi ya uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mkopo wa Bodi umetoka. Lakini kijana anataka Tsinghua, Beijing. Kuna wakala amemwambia nafasi ipo na ufadhili upo, ila inatakiwa dola 1,000 ndani ya wiki mbili "ya kushikia nafasi", na ile ya Dar aiache. Mama ana akiba ya kuezeka nyumba Morogoro. Anauliza mambo mawili: nitoe? Na akikosa, nimwambie nini?

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni vitabu vya hesabu kwenye ofisi ya kago hapa Xiaobei, Guangzhou. Ukishuka kituo cha metro cha Xiaobei, laini namba 5, ukapita daraja la waenda kwa miguu kuelekea jengo la Tianxiu, utasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na Kiarabu kabla hujasikia Kichina. Kila mwaka napita watu wenye barua za vyuo mikononi, nyingine za kweli, nyingine karatasi tu. Kwa hiyo nitajibu kama mhasibu kwanza, halafu nitajibu kama mtu aliyewahi kukataliwa.

1. Chuo kigumu maana yake nini?

Maana yake si kwamba wanaokosa hawana akili. Maana yake ni viti vichache na watu wengi. Mwaka 2024 vijana milioni 13.42 wa Kichina walijiandikisha kwa mtihani wao wa kuingia vyuo, gaokao, unaofanyika kila Juni. Karibu wote wangependa Tsinghua au Chuo Kikuu cha Peking. Nenda Marekani uone Harvard: katika kila waombaji 100, wanaopata ni kama 4 tu. Hao 96 wengine wengi walikuwa wa kwanza kwenye shule zao.

Mwanao kama mgeni hafanyi gaokao, anapitia mlango wa wanafunzi wa kimataifa. Mlango huo ni tofauti, ila si mlango wazi. Anashindana na wa kwanza wa Hanoi, wa Islamabad, wa Lagos na wa Nairobi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kumwambia mtoto, kabla hajajaza fomu hata moja, ni hii: "Ukikosa hapa, sitasema umefeli." Iseme mapema. Ukiisema baada ya jibu kutoka, ataona unampoza tu.

2. Kalenda, mahali ambapo wengi wetu tunapotelea

Hebu angalia. Kidato cha sita Tanzania wanafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai. Maombi ya ufadhili wa Serikali ya China kwa kawaida yanapokelewa kati ya Januari na Aprili, na masomo yanaanza Septemba. Maana yake mtoto anaposhika matokeo mkononi, dirisha la mwaka huo limeshafungwa. Linalofuata litafunguliwa mwakani.

Sasa mtu anayekwambia mwezi wa tisa "lipa ndani ya wiki mbili nafasi isipotee", anazungumzia nafasi gani? Muulize: ni mwaka gani wa masomo, ni chuo gani, ngazi gani, na tarehe ya mwisho imeandikwa wapi kwenye tovuti ya chuo chenyewe? Akishindwa kukuonyesha hapo, haraka ni yake, si ya chuo.

3. Njia za kweli na bei zake

Ufadhili wa Serikali ya China una njia mbili kubwa. Ya kwanza inapitia nyumbani: ubalozi wa China na wizara ya elimu wanatangaza, wanachuja, wanapeleka majina. Ya pili inapitia chuo chenyewe, mwombaji anatuma moja kwa moja. Zote zinajazwa kwenye tovuti ya baraza la ufadhili la China, na hakuna mtu anayeuza nafasi pale.

Ukipata ufadhili kamili wa shahada ya kwanza, ada hailipwi, malazi yanagharamiwa, bima ya afya inalipwa, na kuna posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Umri wa mwombaji wa shahada ya kwanza usizidi miaka 25, shahada ya pili 35.

Vitu vinavyotakiwa mara nyingi ni hivi: pasipoti, vyeti na matokeo (na tafsiri yake kama si Kiingereza wala Kichina), fomu ya afya, hati ya polisi ya kutokuwa na kosa la jinai, barua za mapendekezo, na maelezo ya mpango wa masomo. Hicho cha mwisho ndicho kinachopimwa kwa jicho kali, na ndicho mawakala wengi wanakinakili neno kwa neno kwa waombaji ishirini. Aandike mwenyewe: anataka kusoma nini, kwa nini, na amefanya nini mpaka leo kuonyesha kwamba anakipenda. Kama alitengeneza redio za mtaa mzima, aandike redio.

Halafu lugha. Kozi nyingi za shahada ya kwanza kwenye vyuo vikubwa hufundishwa kwa Kichina. Vyuo vingi vinataka cheti cha HSK ngazi ya 4, na vya juu huenda juu ya hapo. Kwa mfumo wa ngazi sita uliozoeleka, HSK 4 ni maneno kama 1,200. Kijana asiyejua hata kuhesabu mpaka kumi kwa Kichina hawezi kuifikia kwa miezi miwili, hata wakala amwombee vipi. Wanaopata ufadhili wa serikali wa shahada ya kwanza bila Kichina huwekwa mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha, wakishafaulu ndipo wanaanza kozi. Kwa hiyo digrii ya miaka minne ihesabu mitano.

Tuje kwenye pesa. Akijiombea mwenyewe, bajeti yake ni:

- Pasipoti ya Tanzania: shilingi 150,000. Hii hata akikosa chuo itamfaa.
- Vipimo vya afya, hati ya polisi, kuthibitisha vyeti: bei inategemea ulipo, uliza kwanza, chukua risiti.
- Ada ya maombi: vyuo vingi vya China hutoza kati ya yuan 400 na 800. Hairudishwi. Vyuo viwili kwa bei ya juu ni yuan 1,600, kama dola 220 na ushee.
- Mtihani wa HSK na darasa la Kichina.

Hakuna mstari wa "kushikia nafasi". Haupo.

Na ukimlinganisha yule dada: mshahara wake ni rial 100 kwa mwezi. Dola 1,000 ni kama rial 385. Hiyo ni karibu miezi minne ya kupika na kufua nyumba ya watu. Nilimwambia aiandike hivyo kwenye karatasi, miezi, si dola. Dola haiumi, miezi inauma.

4. Jinsi "uhakika" unavyotengenezwa

Wengine wananiambia: "Lakini wakala anarudisha pesa ukikosa, kwa hiyo hakuna hasara." Ngoja nikufungulie daftari.

Wakala anachukua vijana 10 wenye matokeo mazuri, kila mmoja dola 1,000. Ana dola 10,000. Anawajazia fomu zile zile ambazo wangejaza wenyewe. Tuseme 4 wanapata kwa nguvu ya vyeti vyao. Wale 6 waliokosa anawarudishia dola 700, amekata 300 "za usumbufu". Amerudisha 4,200. Amebaki na 5,800, na ana watu wanne wa kupiga picha na kusema "mimi ndiye niliyewapeleka". Hakumshawishi mtu yeyote chuoni. Amecheza bahati kwa pesa zenu. Na hapo nimemchukulia wakala mwaminifu, anayerudisha.

Sisemi mawakala wote ni wezi. Wapo wanaosaidia kutafsiri na kupanga nyaraka kwa bei ya kueleweka. Mlipe kwa kazi inayoonekana, kama tafsiri ya cheti au kujaza fomu. Usimlipe kwa ajili ya jibu la mtu mwingine.

Vitu vinne vya kukagua kwenye barua ya udahili kabla hujashangilia:

Jina la chuo, herufi kwa herufi. Ngazi ya masomo: digrii, au kozi ya lugha ya mwaka mmoja? Lugha ya kufundishia. Na fomu ya JW, 201 kwa ufadhili wa serikali au 202 kwa wengine. Bila fomu hiyo viza ya masomo ya muda mrefu, X1, haiombeki. Barua nzuri yenye mhuri mwekundu isiyo na JW haimpandishi mtu ndege.

Kwa Watanzania, ongezeni swali kwa TCU: je, chuo hiki na kozi hii vitatambuliwa nikirudi? Ulizeni kabla ya kwenda. Anayesomea udaktari au famasia aulize na baraza la taaluma yake.

5. Baada ya kupata, ndipo pochi inapofunguka

Watu wanadhani ufadhili ukipatikana mzazi amemaliza. Bado. Tiketi ya ndege mara nyingi ni yako. Posho ya kwanza inaweza kuchelewa wiki kadhaa. Akifika ajisajili polisi ndani ya saa 24, na ndani ya siku 30 aombe kibali cha ukaazi, yuan 400 kwa kibali kisichozidi mwaka mmoja. Kuna uhakiki wa afya, godoro, laini ya simu, na baridi. Mimi huwashauri watu waweke akiba ya kula na kuishi miezi miwili kabla ya kukata tiketi.

Na hapa naomba mnisikilize sana. Kuna wazazi wanapanga hivi: "Akifika atajitafutia kazi ndogo." Hapa Xiaobei utawaona wanafunzi wetu wanawatembeza wafanyabiashara, wanatafsiri madukani, hasa wakati wa maonyesho ya Canton mwezi wa nne na wa kumi. Mwanafunzi kufanya kazi bila idhini ya chuo na kibali ni kosa. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inatoa faini ya kuanzia yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa kuna kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Ukiweka kazi ya magendo kwenye bajeti ya mwanao, umeweka na polisi.

6. Usitupe kilichoko mkononi

Rudi kwa kijana wa PCM. Ana nafasi Dar na mkopo. Wakala anamwambia aiache. Tupige hesabu za njia mbili.

Njia A: anaacha Dar, anakaa nyumbani mpaka Septemba ijayo akisubiri. Akikosa China, amepoteza mwaka, nafasi na mkopo, na itabidi aanze maombi upya dirisha la TCU likifunguliwa.

Njia B: anaingia Dar mwaka wa kwanza. Taasisi ya Confucius iko pale pale chuoni tangu 2013, anaanza Kichina. Januari anaomba ufadhili. Akipata, anaondoka baada ya mwaka mmoja, na deni la mkopo wa mwaka huo ni lake, atalilipa. Akikosa, yuko mwaka wa pili wa uhandisi na anajua Kichina kidogo, na atakapomaliza anaweza kuomba shahada ya pili, ambako kozi za Kiingereza ni nyingi zaidi.

Njia B nayo ina gharama. Kusoma uhandisi na Kichina pamoja si mchezo, na kuondoka katikati kunauma. Lakini njia A ikienda vibaya, anabaki hana kitu. Kwenye akiba tunasema usivunje kibubu kwa ajili ya ahadi. Hapa ni vile vile.

Na kwenye maombi yenyewe, asiombe Tsinghua peke yake. Apange vyuo kwa makundi matatu: kimoja cha ndoto, vichache vinavyolingana na matokeo yake, na kimoja ambacho akipata ataenda kweli na kwa furaha. Kile cha tatu kisiwe cha kuonewa haya. Kama hawezi kwenda kwa moyo mweupe, hajakichagua vizuri, atafute kingine.

7. Wasiwasi: wa kwake na wa kwako

Niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na digrii yangu ya biashara na kazi ya kukaimu kaimu, niliomba shahada ya pili kwenye chuo kimoja kikubwa cha hapa Guangzhou. Mara ya kwanza nilipitia wakala, nikamlipa dola 800 za kuuza pikipiki. Barua iliyokuja ilikuwa ya kozi ya lugha, chuo kingine, mkoa mwingine. Pesa haikurudi. Mara ya pili niliomba mwenyewe, nikaandika kila neno kwa mkono wangu. Nikakataliwa. Barua ilikuwa na mistari mitatu na haikusema sababu.

Nilikaa miezi miwili sijamwambia marehemu baba. Alikuwa akipiga simu, nasema "bado wanaangalia". Kilichoniumiza zaidi si chuo, ni huo uongo, kwa sababu kila simu ilibidi niulishe. Siku nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa umekula?" Basi. Mambo yakaisha hapo.

Nilikuja China baadaye kwa njia ya kazi. Mpaka leo nikipeleka nyaraka upande wa pili wa mto napita karibu na geti la chuo kile. Sijui kwa nini hawakunichukua, na sitajua. Nimejifunza kuishi na mstari huo mtupu kwenye daftari.

Kutokana na hayo, mambo manne kwa mzazi aliye mbali:

Usimwulize kila siku. Chagueni siku moja kwa wiki ya kuzungumza maombi. Simu nyingine zote ni za kula, kulala, mpira, bibi anaendeleaje.

Usimwambie "nateseka huku kwa ajili yako" kipindi cha kusubiri majibu. Anajua. Ukimwambia tena, unaongeza uzito kwenye kitu ambacho hawezi kukisukuma.

Usitangaze kwenye kundi la ukoo. Ukitangaza amepata kabla ya JW, siku akikosa atakuwa na majibu ya kuwapa watu arobaini.

Na wewe mwenyewe, pesa iliyokwisha kutoka isikuamulie inayofuata. Nimeona mama ametoa 300, akaongeza 300 ili ile ya kwanza isipotee, akaongeza tena. Kila mara jiulize: kama leo ndiyo ingekuwa siku ya kwanza kusikia habari hii, ningelipa? Kama jibu ni hapana, simama hapo hapo.

8. Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi, gawanya mistari mitatu. Wa kwanza: kiasi ninachoweza kupoteza kwenye maombi bila kugusa nyumba, bima wala dharura. Andika namba moja, ikifika hapo unaacha. Wa pili: akiba ya kuondokea, tiketi na miezi miwili ya kuishi, kwenye akaunti tofauti, isiguswe mpaka JW ionekane. Wa tatu: mpango wa akikosa, na mtoto auandike yeye, si wewe.

Pesa za maombi zitume kwa mafungu, kila fungu kwa nyaraka yake. Leo pasipoti, akituma picha ya risiti ndipo unatuma ya hospitali. Ada ya chuo ilipwe kwa chuo, kupitia tovuti ya chuo, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu.

Yule dada hakutuma dola 1,000. Alituma ya pasipoti. Kijana alikasirika, hakupiga simu siku tisa, halafu akatuma picha ya risiti bila neno. Sasa yuko Dar, anasoma, na jioni mbili kwa wiki anaenda darasa la Kichina. Amejaza maombi ya vyuo vitatu mwenyewe. Majibu bado. Bati la Morogoro nalo bado, ila pesa yake ipo.

Na lile swali lake la pili, akikosa nimwambie nini? Nilimpa jibu la baba yangu. Mwulize kama amekula. Mengine mtayazungumza kesho yake.